Shaba Tupu! Mota Isiyo na Chuma Wala Sumaku Yazunguka Magu

Inyanyue kwanza. Usiulize volti, usiulize ampea. Inyanyue tu, kwa mkono mmoja. Mkono uliozoea mota za mashine ya kukoboa mpunga hukaza misuli mapema ukitegemea mzigo wa chuma, halafu kitu chenyewe kinakuja juu kirahisi mpaka unapepesuka kidogo. Kilo tatu na ushee za waya wa kopa, vipande vya bomba la plastiki, gundi iliyokauka ikawa ngumu, shafti ya stenlesi, beringi mbili. Basi! Ndani hakuna bati za chuma. Hakuna sumaku. Nimeshika mota ya umeme iliyonyimwa vitu viwili ambavyo kila kitabu cha ufundi huanza navyo, nimeiona ikizunguka, na tangu hapo kila ninayekutana naye namsimulia.

Iko Magu, kwenye karakana ya kusuka mota kando ya barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Musoma. Karakana za aina hii wakulima wa mpunga wa Ghuba ya Speke wanazijua vizuri, maana ndiko zinakoishia pampu za kumwagilia zilizoungua, mota za mashine za kusaga, stata za magari na feni. Kazi ya kila siku ni kutoa waya ulioungua, kuhesabu mizunguko, kusuka upya, kupaka vanishi, kukausha, kupima. Fundi ni mtu wa makamo anayeijua saizi ya waya kwa kuupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kabla hajagusa kipimo. Swali lilitoka kwa kijana anayejifunza kwake: mzee, tukitoa hizi bati zote, shaba peke yake haiwezi? Mwingine angemwambia aendelee kufagia. Huyu alimwambia, haya mwanangu, suka tuone.

Wakasuka. Nje kuna koili mbili za duara zinazotazamana, kila moja ina mizunguko 200 ya waya wa milimita za mraba 1.5, kipenyo sentimita 16. Ndani inakaa rota: koili zenye jumla ya mizunguko 100 ya waya mwembamba kidogo, zimeviringishwa kwenye fremu ya plastiki ya sentimita kumi kwa kumi. Komyuteta na kaboni vimetoka kwenye drili chakavu. Waya umelala mstari juu ya mstari bila kupandiana, kamba za pamba zimefungwa kwa vipimo sawa kuzunguka kila koili, na vanishi imeingia mpaka chini kabisa; ukigonga kwa ukucha inajibu kwa sauti kavu, ishara kwamba hakuna waya uliolegea. Nimeona kazi za viwandani zilizosukwa ovyo kuliko hii.

Halafu kijana akatoa sumaku iliyobanduliwa kwenye spika akaipitisha juu ya mota nzima, polepole, huku akinitazama usoni. Sumaku haikung'ang'ania popote. Iling'ata kwenye beringi na skrubu chache za fremu tu. Hizo ni chuma kweli, lakini kazi yake ni kushika vitu mahali pake. Uga wa sumaku unaozungusha mota haupiti humo. Weka beringi za seramiki na skrubu za shaba, mota haitajua tofauti.

Zungusha shafti kwa kidole. Mota ndogo yenye sumaku na meno ya chuma hukataa kidogo, ikaruka, ikakataa tena. Kidole kinahisi kila jino. Hii haikatai. Inateleza mfululizo, na ukiiachia inaendelea yenyewe mpaka msuguano wa kaboni uichoshe. Ulaini huu ndio umewafanya watengenezaji wa vifaa vya hospitali na roboti kupenda mota ndogo zisizo na chuma kwenye rota, zile ambazo Fritz Faulhaber wa Ujerumani alizitafutia usukaji wake wa mshazari katika miaka ya 1950. Lakini za Faulhaber zina sumaku katikati. Hii haina!

Umeme ukatoka kwenye betri tatu za sola za volti 12, zimeungwa mfululizo kufikia 36. Kwenye shafti walikuwa wamefunga panga la feni ya rejeta, na nitasema baadaye kwa nini panga hilo si pambo. Kijana akabana klipu. Mota ikaondoka. Hakuna ule mvumo mzito wa mota ya mashine. Unasikia kaboni zikikwaruza komyuteta na upepo wa panga, basi, na klampu mita inasoma karibu ampea 10. Karatasi za hesabu zilizokuwa mezani zikapeperuka mpaka mlangoni.

Sasa akafanya jambo lililonifanya nisimame. Akazima, akageuza klipu, chanya ikakaa pa hasi na hasi pa chanya, akawasha tena. Mota ikazunguka upande uleule! Mota ya kawaida ya sumaku, ile ya kuchezea watoto au ya wipa, ukiigeuzia nyaya inarudi kinyume. Hii inapitisha mkondo mmoja kwenye koili za nje na za ndani kwa mfululizo. Ukigeuza betri unageuza zote mbili kwa pamoja, na msukumo kati yake unabaki ulivyo. Kwa sababu hiyo hiyo inakubali hata umeme wa mkondo geu ukipunguzwa volti kwa transfoma, ingawa hapo inalegea, kwa kuwa koili zenyewe hupinga mkondo unaobadilika badilika.

Nguvu inayofanya kazi hapa ni kongwe kuliko mota zote sokoni. Mwaka 1820, wiki chache baada ya kusikia kwamba waya wenye umeme huchezesha dira, André-Marie Ampère alionyesha Paris kwamba waya mbili zenye mkondo huvutana zikipitisha mkondo upande mmoja, na husukumana zikipitisha kinyume. Waya na waya. Hakuna sumaku mezani, hakuna chuma. Na jambo hilo halikubaki maabara: mpaka Mei 2019 ampea yenyewe, kipimo kilichoandikwa kwenye kila fyuzi ya Tanzania, ilitafsiriwa rasmi kwa nguvu kati ya waya mbili zilizonyooka, zilizo mita moja mbali. Kwa hiyo mota ya Magu si ujanja wa pembeni. Ni kanuni ya msingi ya umeme iliyopewa shafti.

Na imewahi kufanya kazi ya mshahara. Wanaokumbuka mita za zamani za TANESCO, kabla ya LUKU kuingia, wanakumbuka kisahani cha alumini kilichozunguka nyuma ya kioo. Kisahani kile kilisukumwa na koili zenye viini vya chuma. Mita iliyoitangulia, aliyoibuni Elihu Thomson nchini Marekani mwaka 1889, ilikuwa na mota halisi yenye komyuteta, na koili zake zote, za nje na za ndani, hazikuwa na chuma hata chembe. Sumaku zilikuwepo pembeni, kazi yake ni breki ya kisahani. Thomson aliacha chuma makusudi: chuma hakipandi sawasawa na mkondo, hukumbuka kilichopita, hushiba, na mita inayotoza watu pesa haiwezi kuwa na tabia hizo. Shaba na hewa hazidanganyi. Miaka zaidi ya 130 baadaye, kijana wa Magu amefika mahali palepale kwa njia ya swali lake mwenyewe.

Mtu ataniambia mbona mota zisizo na sumaku zipo tele. Zipo. Kila mota ya mashine ya kukoboa kati ya Kisesa na Magu mjini haina sumaku. Ni ile ya rota ya kizimba ambayo Mikhail Dolivo-Dobrovolsky aliisimamisha mwaka 1889, na hata magari ya umeme ya Renault na BMW yanatumia rota za waya badala ya sumaku. Lakini zote zimejaa chuma. Upande wa pili kuna wasiotumia kiini cha chuma: Hugh Piggott wa Scoraig, Uskoti, amefundisha watu wa mabara mengi kutengeneza mitambo ya upepo yenye koili zilizogandishwa ndani ya rezini, lakini koili zimekaa kati ya visahani viwili vya sumaku vinavyozunguka. Kuacha kimoja ni jambo la kawaida. Kuacha vyote viwili ndiko kunakotisha wabunifu, na sababu iko kwenye hesabu. Nitaifanya hapa, maana shauku yangu kwa mota hii imetoka humo.

Kwa uga wa sumaku, chuma ni barabara ya lami na hewa ni njia ya ng'ombe. Mota ya kawaida ina nafasi ya hewa ya milimita moja hivi kati ya sehemu inayozunguka na iliyosimama, kwingine kote uga unapita kwenye chuma, hivyo mkondo mdogo unatosha kupata uga wa kati ya nusu tesla na tesla nzima. Koili zetu mbili, zikipitisha ampea 10 kwenye hewa tupu, zinatoa karibu tesla 0.022 katikati. Chini ya sehemu moja ya ishirini! Rota ikikaa kwenye uga huo, ukihesabu kwa ukarimu, inapata nguvu ya kuzungusha ya niutoni-mita 0.22. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika hiyo ni kama wati 24 kwenye shafti. Na shaba? Mita 200 za waya wa nje na 40 za ndani, zikipitisha ampea zilezile, zinageuza karibu wati 300 kuwa joto. Wati 24 za kazi, 300 za joto. Kilo tatu za shaba zikipewa wati 300 hupanda karibu nyuzi 15 kila dakika, na ndivyo mkono unavyosema: unagusa koili ya nje mwanzoni, vuguvugu, unagusa tena baada ya maongezi mafupi, unaondoa mkono haraka. Kijana anazima kabla vanishi haijaanza kunuka.

Wengi wakifika hapo wanafunga daftari. Asilimia saba, mambo yameisha. Mimi ndipo nilipoanza kusisimka, na fundi alicheka aliponiona navuta kiti.

Ukipunguza mkondo nusu, nguvu ya kuzungusha inashuka mara nne, kwa kuwa uga na mkondo wa rota vyote vimepungua nusu. Joto nalo linashuka mara nne. Uwiano hausogei. Huwezi kuiokoa mota hii kwa kuitumia taratibu, na huwezi kuiharibia uwiano kwa kuibana zaidi. Mkondo hauamui chochote! Kinachoamua ni vitu viwili tu: kasi na ukubwa. Joto la shaba halijali shafti inazunguka mara ngapi; kazi inayotoka inajali sana. Zungusha mara tatu zaidi kwa mkondo uleule, unapata kazi mara tatu kwa joto lilelile. Mota ya chuma haikuruhusu hivyo kirahisi, kwa sababu chuma hugeuzwa uga wake kila mzunguko na kila kugeuzwa kunakula nguvu. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo chuma chenyewe kinavyopata moto. Hapa hakuna chuma cha kupata moto. Kwenye kasi kubwa sana shaba nayo huanza kuzalisha vimkondo vyake vya ndani, na dawa yake inajulikana: badala ya waya mmoja mnene unasuka kwa nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa, kila moja na vanishi yake.

Na ukubwa! Chora mota hii upya, kila kipimo mara mbili, msongamano wa mkondo kwenye shaba ubaki uleule. Shaba inakuwa mara nane, joto mara nane. Nguvu ya kuzungusha inakuwa mara 32. Thelathini na mbili! Uwiano umepanda mara nne bila kubadilisha malighafi yoyote. Eric Laithwaite, aliyefundisha Imperial College jijini London, aliandika kipimo cha ubora wa mashine za umeme mwaka 1965, na ndani yake kuna fundisho hili hili: mashine za sumakuumeme zikiwa kubwa huwa bora zenyewe, zikiwa ndogo huteseka. Mota ya karakana imeteseka kwa sababu ni ndogo na ya polepole, si kwa sababu wazo ni baya. Ikuze mara nne, koili za nje ziwe na kipenyo cha sentimita 64, izungushe mizunguko 3,000, na hesabu ileile inatoa zaidi ya kilowati 70 kwenye shafti dhidi ya kilowati 19 za joto. Asilimia karibu 80. Bado mota nzuri ya chuma ya nguvu hiyo itaipita, inavuka asilimia 90 bila jasho, na shaba ya mota yetu ingekuwa kilo karibu 200, mali ya kulala na mlinzi. Lakini tazama tumetoka wapi: kutoka asilimia saba mpaka karibu themanini, kwa kupanua rula na kuongeza mwendo tu. Ni kanuni chache sana za uhandisi zinazolipa hivyo.

Anayetaka kujua mwisho wa barabara hiyo aangalie Yamanashi, Japani. Tarehe 21 Aprili 2015 treni ya majaribio ya kampuni ya JR Central ilifika kilomita 603 kwa saa ikiwa imenyanyuka kama sentimita 10 juu ya njia yake. Mota yake imekunjuliwa ikalazwa: nusu moja ni koili zilizopangwa kwenye kuta za njia, nusu nyingine ni koili zilizo kwenye treni. Hakuna kiini cha chuma, hakuna sumaku ya kudumu. Koili za treni ni za waya usio na ukinzani kabisa, umepozwa kwa heliamu ya kimiminika kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, hivyo lile joto lililomtoa jasho kijana wetu linafutika, na uga unapanda kiasi ambacho chuma kingeshindwa kukifuata, maana chuma hushiba kwenye tesla mbili hivi. Chuma kinachotusaidia huku chini, kule juu kinakuwa mzigo. Sisi tunaosubiri kwa hamu kilomita 341 za reli ya SGR kati ya Mwanza na Isaka, ambayo treni zake zimekusudiwa kwenda 160 kwa saa, tuna haki ya kujua kwamba mota yenye kasi kuliko zote zinazobeba watu juu ya ardhi ni jamaa wa damu wa hii iliyo juu ya meza ya Magu.

Nirudi kwenye panga la feni. Mota ya aina hii, koili za nje na za ndani zikiwa kwenye mkondo mmoja, haitakiwi kuwashwa mikono mitupu. Mzigo ukitoka, mkondo unashuka, uga unashuka nao, na mota inalazimika kukimbia zaidi na zaidi ili kulingana na volti za betri. Kwa koili hizi na volti 36, ukiondoa breki ya upepo, hesabu inaelekea mizunguko makumi ya maelfu kwa dakika. Rota ya plastiki na gundi ingepasuka zamani sana kabla ya hapo, na shaba ikiruka kwa kasi hiyo inaua. Fundi ameandika kwa chaki ubaoni, herufi kubwa: MZIGO KWANZA. Nampongeza. Atakayeiga kazi hii nyumbani aanzie kwenye maneno hayo mawili.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha, nalo ni la kinyume. Tuliizungusha kwa mkono na kwa mkanda, bila betri, tukiwa na taa ndogo kwenye waya zake, kuona kama itazalisha umeme. Hakuna kitu. Multimita imelala sifuri. Dinamo ya chuma hujiwasha kwa sababu chuma kilichowahi kupitiwa na umeme hubaki na mabaki ya usumaku, na kutoka kwenye mabaki hayo mkondo unajijenga. Werner von Siemens alijenga umaarufu wake juu ya jambo hilo miaka ya 1866 na 1867. Shaba haina kumbukumbu. Inabidi uipe mbegu ya mkondo kutoka kwenye betri, na hata hapo mkondo utajishikilia wenyewe kasi ikipita mizunguko kama 12,700 kwa dakika tu, kwa ukubwa huu. Ni somo lilelile la kasi na ukubwa, limejitokeza kwa mlango wa nyuma. Ningependa kila darasa la fizikia la sekondari za Magu lilione hili kwa macho, kwa kuwa vitabu huweka kiini cha chuma kwenye mchoro wa kwanza na mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba bila chuma hakuna mota.

Sasa, kwa nini hapa? Kwa sababu ya vitu ambavyo fundi wa Magu anaweza kuvipata na kuvitengeneza mwenyewe. Bati za chuma cha silikoni hukatwa kwa mashine za kiwandani ambazo hakuna karakana ya barabarani inayomiliki. Fundi hutumia zilizopo, zikiharibika mota imekufa. Sumaku kali zinatoka mbali, na Aprili 2025 China iliweka masharti ya vibali kwa kuuza nje aina saba za madini adimu pamoja na sumaku zitokanazo nayo, viwanda vya magari duniani vikahaha. Madini adimu hata sisi tunayo: mlima Ngualla, mkoani Songwe, ambao serikali ilisaini mkataba wake na Peak Rare Earths ya Australia Aprili 2023, una neodimiamu na praseodimiamu ya kutengeneza sumaku za aina hiyo. Lakini kutoka kwenye jiwe la Ngualla mpaka sumaku iliyokamilika kuna viwanda vingi katikati. Shaba ni habari tofauti. Mkoa huohuo wa Songwe, pale Tunduma, ndiko malori yanakopita usiku na mchana na bamba za shaba za Zambia na Katanga kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Shaba fundi anaijua kuikata, kuichoma, kuisuka, kuiuza na kuinunua. Mota ambayo yote ni shaba ni mota ambayo yote iko ndani ya mikono yake, kuanzia mchoro hadi matengenezo. Hata ikiungua, hakuna kinachotupwa. Waya unarudi mizani, fremu inasukwa tena.

Wavuvi wa dagaa waliopita karakanani waliuliza moja kwa moja kama itasukuma mtumbwi. Kwa sasa hapana, na fundi aliwajibu hivyo bila kuzunguka. Betri ya mvuvi ni pesa, na mota inayopoteza wati 300 ili kutoa 24 ingemfikisha katikati ya ghuba ikamwacha. Lakini mmoja wao, mtu mzima, alisema neno ambalo bado nalifikiria: kama shida yake ni joto, si muizamishe? Koili zilizogandishwa ndani ya rezini hazina chuma cha kuoza wala sumaku ya kumomonyoka kwa kutu. Maji ya ziwa yanaweza kupita juu yake moja kwa moja. Uwiano wa kazi na joto hautapanda kwa hilo, kama hesabu ilivyoonyesha. Ila koili inayopozwa na maji inaweza kubeba mkondo mkubwa zaidi kwa muda mrefu, kwa hiyo mwili uleule mdogo utatoa nguvu zaidi. Kwa pampu ya kumwagilia inayokaa ndani ya maji kutwa, ikiendeshwa na paneli za sola wakati jua limewaka na umeme ni wa bure, naona mwanya, hasa mota ikikuzwa na kuendeshwa kwa kasi.

Kasoro nilizoziona ni za kweli. Kaboni zinatoa cheche zaidi ya ninavyopenda. Kwenye maji au karibu na petroli ya injini za boti hilo halifai kabisa. Rota haijasawazishwa vizuri: ikipita mwendo fulani meza inaanza kutetemeka, na mota ambayo uhai wake ni kasi haiwezi kuvumilia rota inayoyumba. Fremu ya plastiki hulegea koili zikipata joto, nikaona moja imesogea kama unene wa kucha. Na nyaya za kuunganishia ni nyembamba mno kwa ampea 10. Ukizigusa zimechemka kuliko baadhi ya koili.

Zote nne zina dawa, na walikuwa wameshaanza kuzichorea nilipowaacha. Toleo linalofuata litakuwa na koili za nje za sentimita 32 na rota iliyogandishwa yote ndani ya rezini, isawazishwe Mwanza mjini kwa fundi mwenye lezi. Kijana anataka kuondoa kaboni kabisa na kubadilisha mkondo kwa transista, kama zinavyofanya mota za pikipiki za umeme. Mzee anataka kaboni zibaki kwanza mpaka rota itulie, ndipo waguse elektroniki. Mimi niko upande wa mzee kwa hilo. Lengo waliloandika ukutani ni mizunguko 3,000 kwa dakika kwa muda mrefu bila kuzima, na kwa hesabu zangu hapo kazi ya shafti itakaribia kulingana na joto la shaba: mara kumi na mbili ya uwiano wa hii niliyoishika. Waya umeshanunuliwa, uko kwenye rafu juu ya tanuri la kukaushia, na bei yake wameiandika palepale ukutani chini ya lengo.